Samora Avenue: mkoloni aliyejificha kwenye jina la mti

Ukimuuliza mtu wa Dar Samora ni nini atakwambia ni mtaa bana, pale Posta, unaanzia Mnara wa Saa unanyooka mpaka kule karibu na bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa, benki ziko hapo, maduka ya miwani, ofisi za mawakili, vitabu vya mtumba, na pale katikati kwenye mzunguko kuna yule askari wa shaba kashika bunduki. Ukimuuliza Samora ni nani, vijana wengi wanasita kidogo, wengine watasema si rais wa Msumbiji yule, basi. Ukiuliza tena, kabla ya Samora paliitwaje, hapo unawahitaji wazee. Watakwambia Independence Avenue, na wazee zaidi watakwambia Acacia Avenue, na ukiwasikiliza vizuri hilo la Acacia wanalitamka kwa raha fulani, kama mtu anayekumbuka mji uliokuwa msafi na wenye kivuli.

Hiyo raha ndiyo imenifanya niandike. Mimi naona katika majina yote ambayo ile barabara imewahi kupewa, hilo la mti ndilo la kikoloni kabisa, na ndilo ambalo hatujawahi kuligombeza hata siku moja, kwa sababu limekaa kipole mno.

Tuanze mwanzo. Mji wenyewe aliuanzisha Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, akajenga majumba pale bandarini, akafa 1870 na mji ukabaki unasinzia. Lakini hapo napo palikuwa na watu kabla yake, kulikuwa na Mzizima, kijiji cha pwani upande ule ilipo hospitali ya Ocean Road leo, na Wazaramo walikuwa na mashamba yao kuizunguka bandari. Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar kwa sababu bandari ya Dar ina kina na imejificha, meli kubwa zinaingia. Ndipo mji ukaanza kupimwa upya kwa kamba, mitaa ikanyooshwa, miti ikapandwa, na barabara kuu ya mji wa Wazungu ikaitwa Unter den Akazien, yaani chini ya miti ya akasia.

Kwa mtu asiyejua Berlin hilo ni jina zuri tu la bustani, lakini kwa afisa wa Kijerumani wa wakati ule lilikuwa na maana moja tu. Berlin kulikuwa na barabara, na mpaka leo ipo, inaitwa Unter den Linden, inatoka kwenye kasri la wafalme wa Prussia inakwenda mpaka lango la Brandenburg, ndiyo njia ya gwaride, njia ya dola. Sasa ukichukua jina hilo ukabadilisha mti mmoja tu ukaweka wa Afrika, umeshasema kila kitu bila kumtaja Kaiser, yaani mfalme wao, wala jenerali yeyote, umesema hapa ni Berlin ndogo na sisi ndio wenyewe. Hata hoteli kubwa waliyojenga jirani waliiita Kaiserhof, jina la hoteli kubwa ya Berlin, na mahali pale ndipo ilipo New Africa leo. Kwa hiyo hakuna aliyekaa akauangalia mti akaupenda akaupa barabara, hapana, walikuwa wanahamisha ramani ya kwao wanaibandika juu ya ardhi ya watu.

Na wale watu hawakukaa kimya wakiangalia. Pwani nzima ilishawaka moto 1888, Abushiri bin Salim kule Pangani, Bwana Heri kule Saadani, na aliyeletwa kuja kuwazima ni Hermann von Wissmann, akiwa na askari wa kukodi kutoka Sudan na wengine wa Kizulu kutoka kusini. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka sita baadaye, 1895, Hassan bin Omari Makunganya naye akanyongwa Kilwa, na gavana wakati huo ni huyo huyo Wissmann. Mtaa wa Makunganya uko hapo hapo jirani na Samora, watu wanapita kila siku kwenda kutoa fotokopi na kula chakula cha mchana, na hakuna hata kibao kidogo cha kusema huyu alikuwa nani. Inaniuma hii, kwa kweli inaniuma, maana huyu mtu alinyongwa ili ile barabara ya jirani iweze kuitwa kwa amani jina la mti.

Wissmann mwenyewe Wajerumani walimjengea sanamu hapa hapa Dar. Picha zake zipo, Wissmann kasimama juu kabisa, na chini yake kuna askari mweusi anamtazama bwana wake huku anamfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Yaani huhitaji kueleweshwa, mtoto wa darasa la pili akiiona ile picha anaelewa nani ni nani. Waingereza walipoingia Dar Septemba 1916 waliiondoa ile sanamu wakaipeleka Uingereza, baadaye ikarudishwa Ujerumani ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, ikakaa huko mpaka wanafunzi wakaja kuiangusha 1968.

Lakini sasa angalia kitu kimoja. Waingereza hao hao walioona haja ya kumng'oa Wissmann na kumsafirisha na meli, jina la barabara walilifanya nini? Walilitafsiri. Unter den Akazien ikawa Acacia Avenue, basi, mchezo umekwisha. Wamepigana miaka minne, watu wamekufa kuanzia Tanga mpaka Rufiji mpaka Msumbiji, halafu mshindi anafika kwenye barabara kuu ya adui yake anaona jina lake halina tatizo lolote. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya ile barabara ilikuwa haijabadilika. Ilikuwa barabara ya wenye mji, na wenye mji walikuwa bado ni Wazungu, wamebadilishana funguo tu.

Na hapa ndipo naona ule mtindo mzima wa mambo, si wa jina peke yake. Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, huku majengo ya mtindo wa Kizungu, huku nyumba za kudumu, huku vibanda, na Waingereza wakaja kuzinyoosha zikawa zone ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwenye karatasi unasoma habari za kuta na mapaa na uingizaji hewa, lakini kila mtu mjini alijua nani anakaa wapi, ndio maana Dar kukawa na Uzunguni, kukawa na Uhindini, na Waafrika wakasukumwa Kariakoo na Ilala, na pale katikati pakaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, sababu iliyotolewa eti ni afya, magonjwa yasivuke. Hawasemi rangi, wanasema nyumba. Hawasemi Kaiser, wanasema mti. Ni akili ile ile moja, na ni akili yenye nguvu sana kwa sababu haikuachii kitu cha kukishika ukakikasirikia.

Linganisha na Harare. Kule barabara yao kuu iliitwa Jameson Avenue, kwa jina la Leander Starr Jameson, mtu wa Cecil Rhodes, aliyeshiriki kuiteka nchi ile kwa bunduki. Uhuru ulipokuja 1980 hakukuwa na mjadala mrefu, jina la mtekaji linatoka, na leo ile barabara inaitwa Samora Machel Avenue, jina lile lile la kwetu. Mzimbabwe akiambiwa Jameson anajua ni nani huyo na alimfanyia nini babu yake. Sisi tukiambiwa Acacia tunaona kivuli. Kwa hiyo wenzetu walibadilisha jina na wakati huo huo wakawa wamefundishwa historia, sisi tulibadilisha jina na historia ikabaki imefunikwa pale pale, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachomfanya mtu mwaka huu huu aseme, tena mtu msomi, kwamba afadhali enzi za Acacia Avenue. Afadhali kwa nani jamani? Babu yako alikuwa anapita pale akiwa nani, kama si tarishi au boi wa mtu?

Najua kuna atakayejibu kwamba watu wanaposema hivyo wanamaanisha usafi na miti tu, hawamaanishi ukoloni. Sawa, kupenda miti si dhambi, na mimi nataka miti irudi Samora kwa sababu jua la saa nane pale mtu anaweza kuanguka. Ila usafi ule ulikuwa na masharti yake, ulikuwa msafi kwa sababu watu wengi walizuiwa kuwa wa pale, na hili swali la nani ana haki ya kuwa mjini bado tunalo mkononi. Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara Dar nzima, Samora ikiwemo, na mimi sisemi kila mtu apange meza anapotaka, waenda kwa miguu nao wanahitaji njia, nasema kwamba ule mjadala ulivyokuwa unakwenda, mji wa kupendeza, mji wa kuvutia, mji usio na vurugu, niliona watu wengi wana picha ya mji kichwani na hawajajiuliza ile picha walipewa na nani.

Uhuru ukaja 9 Desemba 1961, siku iliyofuata Dar ikawa jiji, na Mnara wa Saa pale mwanzo wa barabara ni kumbukumbu ya hilo. Acacia ikawa Independence Avenue. Jina la heshima, sina neno nalo, ila lilikuwa jina ambalo kila mji wa Afrika ulikuwa nalo miaka ile, lingeweza kukaa Lusaka au Accra na lisibadilike herufi. Baadaye ndipo ikaja Samora Machel, na hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna hoja naisikia sana siku hizi kwamba kwa nini mitaa yetu mikubwa ina majina ya wageni, Samora, Nkrumah, Azikiwe, Lumumba, Luthuli, Mandela, Sam Nujoma, kwani sisi hatuna watu?

Tunao. Ila huyu Samora hakuwa mgeni Dar es Salaam. Frelimo, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar tarehe 25 Juni 1962, na ofisi yake ilikuwa mtaa wa Nkrumah, ambao unaanzia hapo hapo Mnara wa Saa inapoanzia Samora, yaani mtu akitoka ofisini kwa miguu anaingia kwenye barabara ambayo leo ina jina la kamanda wao. Samora alikuwa nesi kule Lourenço Marques, akatoroka 1963 akapitia Botswana, wakati huo ikiitwa Bechuanaland, akafika Dar kujiunga na wenzake, akaenda Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, akarudi akawa kambi ya Kongwa pale Dodoma, baadaye Nachingwea. Rais wa kwanza wa Frelimo, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Dar, Oyster Bay, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Fikiria hilo, mji huu huu, mtu anafungua kifurushi na hapo hapo anakufa. Baada yake ndipo Samora akashika uongozi, akapigana mpaka Msumbiji ikawa huru 25 Juni 1975.

Na gharama haikuwa ya kwao peke yao. Vijiji vya mpakani kule Mtwara na Ruvuma vilionja mabomu ya Wareno. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, makao yake yalikuwa Dar kuanzia 1963 mpaka kazi ilipokwisha 1994, na kwa miaka zaidi ya ishirini katibu wake alikuwa Brigedia Hashim Mbita. Samora alipokufa kwenye ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, usiku wa 19 Oktoba 1986, vita ya waasi wa Renamo dhidi ya serikali yake ilikuwa bado inaendelea, na Tanzania ilipeleka wanajeshi Msumbiji, baadhi yao hawakurudi hai, wamezikwa Naliendele, Mtwara. Sasa mtu wa Mtwara mwenye kaburi la kaka yake Naliendele ukamwambie Samora ni jina la mgeni? Maputo nao wana Avenida Julius Nyerere, mojawapo ya barabara zao kubwa kabisa. Hayo si majina ya kupambia barabara, ni rekodi ya watu walioishi nyumba moja.

Kwa hiyo jina la sasa mimi nalitetea kwa nguvu zote. Kinachonikera ni kwamba tumelitundika kwenye kibao cha chuma tukaondoka. Pita ile barabara yote kuanzia Mnara wa Saa mpaka mwisho, kitu kikubwa cha kumbukumbu utakachokikuta njiani ni yule askari, ambaye wazee walikuwa wakimwita Bismini, na yule tulijengewa na Waingereza mwaka 1927.

Simama mbele yake siku moja uache kukimbilia daladala. Askari wa Kiafrika, kofia, buti, kainama mbele kama anashambulia, singe yake imeelekea bandarini. Tofauti na ile ya Wissmann, hapa mweusi hayuko chini ya miguu ya mtu, yuko juu peke yake, na nakubali hilo lilikuwa jambo kwa wakati ule. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawakumbuka askari waliopigana vita ya 1914 mpaka 1918, na yanawakumbuka wapagazi ambao wanatajwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako.

Jina gani? Pale hakuna jina hata moja. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, kwa mizigo, wengi walikamatwa vijijini wakafungwa kamba wakapelekwa, hawakuomba kwenda, na nchi waliyoipigania ilikuwa inapita tu kutoka mkono wa Mjerumani kwenda mkono wa Mwingereza. Wajukuu wao hawana pa kusoma jina. Sanamu kama hizo Waingereza waliziweka Nairobi na Mombasa pia, na kote ni hivyo hivyo.

Kumbukumbu ya kweli ya wale watu iko upande wa pili wa Mnazi Mmoja, dakika chache kwa miguu, nayo ni Kariakoo. Pale ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, watu wakatamka wanavyoweza wao, Kariakoo, na jina likashika kuliko jina lolote lililowahi kutolewa na ofisi ya jiji. Hakuna gavana aliyelipitisha, hakuna diwani. Ni la kikoloni kwa asili yake, sikatai, na bado simjui mtu anayetaka liondoke, wala mimi sitaki, kwa sababu lilitoka mdomoni mwa walioumia, wakati Acacia ilitoka kwenye meza ya mpimaji wa ramani aliyekuwa anaota Berlin. Kwangu hicho ndicho kipimo. Swali si jina hili ni la enzi gani, swali ni lilitolewa na nani na linamkumbuka nani.

Wajerumani wenyewe wameanza kukubali kipimo hicho, pole pole. Berlin, kule Neukölln, kulikuwa na Wissmannstraße, na mwaka 2021 ilibadilishwa jina ikaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mama yetu Lucy Lameck wa Moshi, mwanasiasa wa TANU na mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini nchi hii. Mwaka 2024, kule Wedding, barabara iliyopewa mwanzoni jina la Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani huku kwetu, ikagawanywa mara mbili na kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikuja mpaka Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika kwenye vita ya Maji Maji. Haya yote yalitokana na watu waliopiga kelele miaka na miaka, Waafrika wanaoishi kule na Wajerumani wenzao, wakapinga, wakaandika. Mtu anayeshuka treni Berlin leo anaweza kukutana na Maji Maji kwenye kona ya mtaa. Anayeshuka daladala Posta hakutani nayo.

Nikiulizwa nataka nini, sitaki jina libadilishwe tena, limeshabadilishwa vya kutosha, na kila mara likibadilishwa wenye maduka wanachapisha upya karatasi na hakuna kingine kinachotokea. Nataka vibao, vya chuma au vya mawe, vilivyoandikwa Kiswahili kwanza, na si vya watalii tu. Kimoja pale Mnara wa Saa kielezee barabara hii imeitwa nini na nini, Unter den Akazien, Acacia, Independence, Samora, na kila jina lilitolewa na nani akiwa anataka nini. Kimoja mtaa wa Nkrumah ilipokuwa ofisi ya Frelimo. Kimoja mtaa wa Makunganya, kiseme alinyongwa Kilwa 1895 na kwa kosa gani kwa mujibu wa waliomnyonga. Na pale kwa askari, bila kumgusa wala kumhamisha, liwekwe jiwe la pili la wapagazi, na Makumbusho ya Taifa ambayo iko hatua chache tu kutoka hapo ipewe kazi na fedha ya kukusanya majina, yapo kwenye makaratasi ya jeshi na yapo kwenye vichwa vya familia kule Rufiji, Songea, Mahenge, Unyamwezini, watu wanajua babu yao mkubwa aliondoka na mizigo mwaka gani na hakurudi. Yakipatikana mia yaandikwe mia, yakipatikana kumi yaandikwe hayo kumi wakati mengine yanatafutwa.